Kijitoni napata, ziwani siambulii: trauti wa ziwa la mlimani wanavuliwaje?

Ndoano_Kimya

Habari wakuu, na shikamoo kwa wakubwa wote.

Navua trauti kwenye kijito kinachotoka ziwa moja la mlimani, huko juu ambako miti imekwisha, yamebaki majani mafupi na mawe. Kijitoni sina shida. Fimbo fupi, mshipi, chubwi dogo, nyungunyungu. Natupa juu kidogo ya jiwe kubwa, maji yanachukua chambo na kukipitisha pembeni ya jiwe, na kama samaki yupo hanicheleweshi.

Shida ni ziwani kwenyewe. Maji ni maangavu mpaka nahesabu kokoto za chini, na samaki nawaona kwa macho: wanapita, wanapita, tena wakubwa kuliko wa kijitoni. Natupa mbali, kule katikati wanakoruka jioni, nasubiri, wapi. Nikikisogeza chambo karibu na samaki ninayemwona, anageuza mkia na kuzama kilindini. Nimetoa nyungunyungu nikaweka panzi, nikatoa panzi nikaweka kijiko kinachong'aa, kile chambo cha bandia cha chuma. Hali ni ileile.

Sasa naomba kueleweshwa. Samaki ni wa aina moja, na maji ni yayo hayo, yanatoka ziwani yanaingia kijitoni. Mbona huku anakula na kule anakataa?

Chubwi_Zito

Mkuu, unavua kwa macho, ndiyo shida yako. Samaki unayemwona, na yeye kakuona. Achana naye.

Chukua kijiko kizito, tupa mbali uwezavyo, halafu hesabu wakati kinazama. Vijiko vingi vinashuka kama sentimita 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukifika kumi kiko mita tatu hivi chini. Mtupo wa kwanza vuta ukifika tano, unaofuata kumi, unaofuata kumi na tano, mpaka akudone mmoja. Hapo umeshajua wako kina gani siku hiyo, shikilia hesabu hiyohiyo. Nyungunyungu mwachie kijito.

Mama_Kokoto

Marahaba, Ndoano Kimya. Chubwi hajakudanganya kwenye hesabu, ila amekimbilia dawa kabla ya kuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Jibu umelibeba mwenyewe ndani ya swali, mwanangu. Umesema kijitoni "maji yanachukua chambo". Kijitoni chakula kinasafiri, samaki amekaa. Maji yaliyo karibu na sakafu yanapunguzwa kasi na mawe, kwa hiyo trauti anatulia pale chini bila kuchoka, kichwa kimeelekea maji yanakotoka, na kila kitu kinachopita juu yake anakiona kwa kitambo kidogo tu. Akisitasita, kimekwenda. Ndiyo maana wa kijitoni anadaka kwanza na kufikiri baadaye.

Ziwani hakuna mkondo wa kumletea kitu. Huko chakula ndicho kimekaa na samaki ndiye anayesafiri. Wewe umeona "wanapita, wanapita" ukadhani wanatembea tu. Hawatembei tu. Fika asubuhi, kaa mbali na maji, usitupe chochote. Chagua samaki mmoja unayeweza kumtambua, mwenye alama mgongoni au aliyewazidi wenzake kwa ukubwa, umfuatilie. Utamkuta anakwenda kando ya ukingo, mara nyingi juu ya ule mstari ambapo maji mafupi yenye rangi ya mchanga yanakatika ghafla kuwa buluu nzito. Anafika kwenye jiwe fulani anageuka, anatokomea, kisha anarudi kwa njia ileile. Kijitoni unatafuta kituo cha samaki. Ziwani tafuta njia yake.

Na huyu wa ziwani hana haraka. Ana nafasi ya kukitazama chambo, kuutazama mshipi, kulitazama chubwi, na kukutazama wewe.

Hili la kukutazama wewe naomba nilikalie kidogo, kwa sababu naona watu wananunua fimbo za kila namna na hawajawahi kupiga goti. Mwanga ukiingia majini unapinda. Samaki akitazama juu anaiona dunia yote ya nje kupitia tundu moja la mviringo lililo juu yake, lenye upana wa digrii 97 hivi. Nje ya tundu hilo uso wa maji kwake ni kioo kinachomwonyesha sakafu ya ziwa. Akiwa nusu mita chini, tundu lina kipenyo cha mita moja na kitu. Kadiri anavyozama linapanuka. Vitu vilivyo chini chini, karibu na usawa wa maji, vinabanwa kwenye ukingo wa tundu mpaka vinakuwa uzi hafifu asioutilia maanani. Wavuvi wanahesabu digrii 10 kutoka usawa wa maji: ukiwa chini ya hapo, umejificha. Sasa piga hesabu. Umbali wa mita 10, digrii 10 ni urefu wa mita 1.75 hivi, kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida anaweza kusimama wima. Umbali wa mita 5 ni sentimita 88. Hapo ni magoti. Na kama ukingo umeinuka juu ya maji, huo mwinuko nao ni sehemu ya kimo chako.

Wewe unasimama juu ya jiwe refu kabisa ili uwaone vizuri, sivyo? Kila mtu anafanya hivyo. Ukisimama hapo unawaona, nao wanakuona, tena na mbingu iko nyuma yako.

Kijitoni ulisalimika kwa sababu mbili. Uso wa maji umevurugika, hilo tundu limekatikakatika, na pengine unapanda ukielekea maji yanakotoka, kwa hiyo unamjia samaki kwa nyuma. Ziwani siku ya shwari hakuna nyuma, maana anageuka anapotaka.

Kuhusu kumsogezea chambo: mdudu hamfuati samaki. Hakuna kiumbe mdogo majini anayemwendea trauti. Samaki akiona kitu kinamjia, cha kwanza ni kukimbia, na ana haki. Wewe tangulia. Akiwa bado mita nane au kumi, weka chambo kwenye njia yake, kizame, kilale, usikiguse. Akifika kama mita moja, inua ncha ya fimbo kidogo sana, kiasi cha chambo kunyanyuka sakafuni na kutua tena. Hapo anaona kitu kilichotaka kujificha kikachelewa. Mshipi uwe mwembamba, milimita 0.15 au karibu na hapo kwa zile mita za mwisho, na chubwi liondoe kabisa kama uzito wa chambo unatosha kukizamisha.

Hao wa katikati wanaoruka jioni waache kwanza. Wengi wao wanakula usubi wa majini, vile vidudu ambavyo vikiwa mabuu vinaishi kwenye tope la ziwa, kisha vinapanda juu na kuvua ngozi ili viruke. Mdudu mwenyewe hafiki sentimita moja. Ukimtupia panzi samaki aliyezama kwenye shughuli hiyo hata hatazami. Ukitaka kuwajaribu, tafuta nzi wa bandia (ndoano iliyofungwa nyuzi ifanane na mdudu) mdogo mweusi, umwache aning'inie chini ya uso wa maji bila kumvuta. Panzi mtunzie mchana. Jua likiwasha mabonde, hewa inapanda mlima na kubeba sisimizi, mbawakawa na panzi wa huko chini, na ziwa linawanasa. Wanasukumwa hadi ule ukingo upepo unakoelekea. Simama hapo (piga goti hapo!), upepo ukikupiga usoni. Wengi wanakwenda upande wa pili kwa sababu kutupa mshipi ni rahisi upepo ukiwa mgongoni, wakati chakula kimeshavuka ziwa na kuwaacha.

Chubwi_Zito

Mama Kokoto, heshima yako. Lakini upepo ukikupiga usoni na maji yana mawimbi, hiyo njia ya samaki utaionea wapi? Si unarudi kulekule kwangu, kutupa na kuhesabu?

Mama_Kokoto

Narudi, na sioni aibu. Mawimbi yakianza, lile tundu lake linavurugika, hakuoni vizuri nawe humwoni vizuri, mmekuwa sawa. Hiyo ndiyo saa ya kijiko chako. Shwari ni ya magoti na subira, mawimbi ni ya kijiko. Ila usitupe katikati kila mara. Tupa sambamba na ukingo, kijiko kipite juu ya ule mstari wa maji mafupi na marefu kwa urefu wake wote. Ukitupa kuelekea katikati unaukata mstari mara moja tu, tena mwishoni kabisa, kijiko kikiwa karibu kutoka majini.

Mpanda_Jabali

Naongezea mawili, maana naona mnaongelea kuwapata tu.

La kwanza, wengi tunarudisha samaki majini, na huko juu samaki hana akiba kubwa ya pumzi. Kwenye mita 3,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari, na oksijeni inayoyeyuka majini inapungua kwa kiasi hichohicho kama joto la maji halijabadilika. Kinachomwokoa trauti ni ubaridi: usawa wa bahari, maji ya digrii 10 yanaweza kushika miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita, ya digrii 20 ni kama 9. Kwa hiyo beba kipimajoto. Maji yakikaribia digrii 20, kama inavyotokea kwenye viziwa vya kina kifupi mchana wa jua kali, kunja mshipi. Samaki uliyempigania muda mrefu kwenye maji hayo anaweza kuondoka akiogelea na bado akafa baadaye. Bana kabisa ule mwiba wa ndoano kwa koleo, lowesha mikono kabla ya kumshika ili usimtoe utelezi unaomlinda na magonjwa, na mwachie akiwa ndani ya maji. Kwa chambo halisi kama nyungunyungu, wanameza mpaka tumboni mara nyingi zaidi kuliko wanavyomeza nzi wa bandia. Akimeza, usichimbe; kata mshipi karibu na mdomo.

La pili ni radi. Fimbo nyingi za sasa ni za kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Milimani mawingu ya radi hupenda kujikusanya baada ya mchana. Ukisikia ngurumo, laza chini hiyo fimbo na uondoke kwenye ukingo wazi. Hakuna samaki wa kubishana naye.

Ndoano_Kimya

Wakuu, asanteni sana. Mama Kokoto, nimepiga magoti mpaka suruali imetoboka, na wamekula! Kweli wana njia. Kuna mmoja anageukia kwenye jiwe jeupe kila mara.

Lakini yamezuka mengine. Wale wakubwa ni wachache. Wengi ninaowapata ni wembamba, kichwa kikubwa na mwili umesinyaa, wote kimo kimoja. Wanaumwa? Halafu bonde la jirani kuna ziwa ambalo maji yake yana rangi kama ya maziwa na huko sijawahi kuona samaki akiruka. Na juu zaidi, juu ya maporomoko, kuna ziwa jingine safi kabisa lisilo na samaki hata mmoja. Nimewaza nibebe kumi kwenye ndoo niwapandishe huko wakanenepe. Mnaonaje?

Chubwi_Zito

Wazo zuri, mkuu! Miaka kadhaa ijayo utakuwa na ziwa lako peke yako.

Mama_Kokoto

Chubwi, nyamaza kidogo. Ndoano, weka ndoo chini.

Hao wa vichwa vikubwa kwa kawaida si wagonjwa, wana njaa. Kichwa kinaendelea kukua, mwili unakosa cha kujazia. Ziwa la juu lina majira mafupi ya chakula, na mahali baridi ni kali linaweza kukaa chini ya barafu miezi mingi. Ikiwa mahali pa kuzalia ni pazuri, vinywa vinazidi chakula. Trauti wa upinde wa mvua na wa kahawia kwa kawaida wanataka maji yanayokwenda juu ya changarawe safi ili mayai yapate hewa. Kile kijito chako kinachotoka ziwani kinaweza kuwa ndicho leba yao, na kama kuna vinavyoingia, navyo vitazame. Yule wa mapezi yenye ukingo mweupe, *Salvelinus fontinalis*, ana hila zaidi: anaweza kuzalia ndani ya ziwa lenyewe, palipo na chemchemi inayopenyeza kokotoni. Ndiyo maana mara nyingi ndiye unayemkuta amejaa na kudumaa. Ukiwa na wasiwasi kuwa ni ugonjwa, tazama uti wa mgongo na mkia. Samaki mwembamba aliyenyooka ni wa njaa. Aliyepinda mgongo au mwenye mkia mweusi, hiyo ni habari nyingine, wajulishe wasimamizi wa maji hayo.

Kwa ziwa lililojaa hivyo, kumrudisha kila samaki hakuwasaidii. Kama kanuni za mahali zinaruhusu, chukua wale wadogo ule, warudishe wale wakubwa wachache. Najua kuna watu humu watakasirika, kwao kurudisha samaki ni dini. Mimi natazama ziwa kwanza.

Sasa hilo ziwa la juu ya maporomoko. Halina samaki kwa sababu maporomoko hayapandiki, na huenda halijapata kuwa nao tangu barafu ilipolichimba. Usidhani ni tupu. Vyura, viluwiluwi, mbawakawa wa majini, vidudu vinavyoelea, vyote hivyo vimekua bila kujifunza kumkwepa trauti. Milima ya Sierra Nevada kule California ilikuwa na maziwa mengi ya namna hiyo, watu wakapandisha trauti ili wapate kuvua, na vyura wa huko wakapungua vibaya. Watafiti walipowatoa trauti kwenye baadhi ya maziwa, vyura waliongezeka tena. Tena kuwatoa ni kazi ya nyavu ya miaka. Kuwapeleka ni ndoo moja. Na sehemu nyingi kuhamisha samaki bila kibali ni kosa la jinai, usije ukasema hukuambiwa.

Hao wenyewe hawatanenepa kwa muda mrefu. Kizazi cha kwanza kitakula kila kitu kilichokuwepo, kitakuwa kikubwa, utapiga picha. Kikipata pa kuzalia, umeshatengeneza ziwa jingine la vichwa vikubwa.

Ziwa la maziwa sasa. Huo weupe ni unga wa mwamba uliosagwa na barafu ya mlimani. Ni laini mno, unaelea bila kutua, mwanga haufiki chini, mwani hauoti, wadudu wanakosa chakula, na samaki anayewinda kwa macho anahangaika. Usilikatie tamaa moja kwa moja. Zunguka ukingo utafute mahali kijito cha maji safi, kisichotoka kwenye barafu, kinaingia. Pale maji meupe na maangavu yanapokutana kuna mpaka unaoonekana. Kama lina samaki, utawakuta upande wa maangavu, karibu na mpaka. Na uende mapema. Barafu inayeyuka jua likipanda, maji yanachukua saa kadhaa kushuka, kwa hiyo vijito vya namna hiyo ni vidogo na safi asubuhi, vinajaa na kuchafuka alasiri mpaka usiku. Ukivuka kwa miguu saa mbili asubuhi, usidhani utavuka hapohapo saa kumi jioni. Panga njia ya kurudi kabla hujavuka.

Ndoano_Kimya

Ndoo nimeiweka chini, Mama. La mwisho: nikitoka ziwa la samaki nikaenda hilo la maziwa siku hiyohiyo, kuna ubaya wowote?

Mama_Kokoto

Ubaya uko kwenye viatu na wavu. Vimelea vya samaki, mwani wa kigeni na kuvu inayoua vyura vinasafiri kwenye tope na unyevu. New Zealand waligundua mwani wa didimo kwenye mto mmoja mwaka 2004, unafunika mawe ya mto kwa blanketi zito, na mwaka 2008 wakapiga marufuku viatu vya kuvulia vyenye soli ya feleti (kitambaa kinene kilichoshindiliwa), kwa sababu feleti haikauki haraka na inabeba chembe zake. Siku hiyohiyo huwezi kukausha kitu mlimani, kwa hiyo beba jozi ya pili na wavu wa pili, au chagua ziwa moja. Ukirudi, toa tope lote, osha, anika mpaka ndani ya kiatu pakauke kabisa, siyo juu tu. Maji ya ndoo au chupa ya chambo yamwage nchi kavu, na nyungunyungu waliobaki usiwaache ukingoni. Rudi nao.

Chubwi_Zito

Mama, na kijiko changu je?

Mama_Kokoto

Kijiko ni chuma, futa kwa kitambaa kikavu. Ile ndoano yake ya matawi matatu ndiyo inayonikera. Itoe, weka ya tawi moja isiyo na mwiba, halafu njoo tubishane kuhusu hesabu.